Koo Moja, Sauti Kumi

Kwenye kibanda umiza cha Kibiti, watu huuliza kwanza muvi imetafsiriwa na DJ gani, ndipo waulize jina la muvi yenyewe. Mimi nawaelewa. Muvi ya Kichina bila mtafsiri ni ngumi tupu.

Msikilize DJ stadi akiwa kazini. Sauti ya asili ameishusha tu, hakuizima, maana mlio wa risasi na muziki wa huzuni bado anavihitaji. Steling anaingia chumbani, hajafungua mdomo, tayari tumeshajua ni mtoto wa nani na anamsaka nani. Babu na binti wakijibizana, koo lilelile linatoa sauti nzito na nyembamba bila kukwama. Hotuba ya mahakamani ya dakika nne anaimaliza kwa sentensi mbili, na muda unaobaki anatueleza kwa nini shahidi anadanganya. Kisha bastola inachomolewa, naye ananyamaza kimya. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Anayejaza kila sekunde kwa maneno anaiua muvi.

Kazi hii ina wakongwe wake. Enzi za mikanda ya VHS, Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala. Kampala ina VJ Jingo na Kenya ina DJ Afro.

Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasema kutafsiri na kurekebisha filamu ni haki ya mwenye filamu. DJ asiye na kibali anaivunja, na sitamtetea anayenakili muvi ya msanii wa Bongo iliyotoka jana. Ila sheria hiyohiyo inaitambua tafsiri kuwa kazi inayostahili ulinzi, na ulinzi huo DJ haupati kwa vitendo. Flashi yenye muvi yake ikishapanda boti bandarini Nyamisati kwenda visiwa vya delta ya Rufiji, inanakiliwa kutoka mkono hadi mkono, na yeye haambulii hata senti. Mwenye filamu naye hivyohivyo.

COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, na Bodi ya Filamu wawawekee mafundi hawa kibali cha bei wanayoimudu, sehemu ya ada imfikie mwenye filamu, na jina la mtafsiri liandikwe kwenye kila nakala. Nawe msomaji, ukiipenda sauti fulani, nunua nakala kwa DJ mwenyewe.