Mama Asiyetoa Uso

Saa kumi na moja jioni jua huteremkia upande wa Kongo, na mpiga picha wa Kashikishi, upande wa Zambia, humgeuza mteja atazame Ziwa Mweru. Ukiyapa maji mgongo, uso unamezwa na giza, na mteja hudai arudishiwe hela yake. Picha ya kitambulisho, ya harusi, ya kumtumia ndugu aliyebaki Pweto kule Kongo, zote zinadai uso.

Kwa kipimo hicho, Jarod Lew angefilisika. Mmarekani huyu mwenye asili ya Kichina, aliyekulia kandokando ya Detroit, amempiga picha mama yake miaka na miaka, na uso wa mama hauonekani.

Chanzo ni mwaka 1982. Viwanda vya magari vya Detroit vilikuwa vikipunguza watu, lawama zote wakitupiwa Wajapani. Vincent Chin, kijana wa huko wa miaka 27, wala Mjapani hakuwa. Wazee wake walikuwa Wachina. Wanaume wawili, baba wa kambo na mwanawe, walimpiga kwa gongo la besiboli, akafa siku chache kabla ya harusi yake. Mahakama iliwatoza faini ya dola 3,000 kila mmoja na kuwaweka chini ya uangalizi miaka 3. Kifungo, hakuna. Mchumba wa marehemu akajitenga na kamera. Lew alikuwa mtu mzima ndipo alipopata kujua kwamba mchumba yule ni mama yake.

Mwingine angemkalisha mama mbele ya taa na kumtaka aseme yote. Lew alimwachia masharti yake. Kuficha uso si kazi. Mwambie mtu ageuke, basi. Kazi ni kumfanya asiye na uso abaki mtu, mwenye nyumba yake na hiari yake. Kivuli hakina budi kuangukia mahali pake hasa, na mzigo uliokuwa wa macho ubebwe na bega, mkono, nywele, sebule. Jicho letu limezoea kukimbilia uso na kuridhika. Likinyimwa, linakaa. Linaanza kuona jinsi mtu anavyoketi kwake.

Kazi yake nyingine, ya vijana wenye asili ya Asia majumbani mwao, ameiita "Please Take Off Your Shoes", yaani vua viatu tafadhali. Huyu anajua kubisha hodi na kungoja.

Humu wilayani Nchelenge, iliko Kashikishi, kambi ya Mantapala ilifunguliwa mwaka 2018 kwa waliokimbia mapigano ya Kongo. Wageni wenye kamera nzuri hufika asubuhi, na jioni huondoka na nyuso za mama zetu. Siwalaumu sana, maana ripoti nayo inataka picha. Ila ningependa kijana wa kambini azione picha za Lew. Simu yake huenda ina kioo kilichopasuka, lakini mama akikataa leo, kesho bado wataamka nyumba moja.