Tangazo la Maziwa ya Kopo

Wazee wetu walisema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vitu vinavyojitembeza ni vingi, wala havitembei kwa miguu. Vyaingia nyumbani mwetu kwa redio na kwa simu, tena vyasema kwa sauti tamu. Leo twataka kulipima tangazo moja, kama mwalimu apimavyo insha ya mwanafunzi, tuone lina kweli kiasi gani.

Si siku nyingi, kijana mmoja wa hapa Mbesa, baba wa mtoto wa kwanza, alitujia barazani na simu yake mkononi. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisomee hapa." Palikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, na kando yake kopo la unga wa maziwa. Maneno yalikuwa machache, nayo ya Kiingereza: kwamba unga ule humpa mtoto nguvu na akili, na kwamba mama ampendaye mwanawe humchagulia kilicho bora. Tulipokwisha kumfasiria, kijana akauliza, "Mbona wangu si mnene hivi? Nina magunia mawili ya mahindi, niuze moja?"

Basi na tuisahihishe insha hiyo. Kosa la kwanza ni picha. Haisemi kwamba mtoto yule amenenepa kwa unga ule. Yaweka mtoto na kopo pamoja tu, msomaji ajaze mwenyewe. Kosa la pili ni neno "ampendaye". Asiye na fedha ya kununua aambiwa kimya kimya kwamba hampendi mwanawe, naye hutoa fedha kwa kuona haya, wala si kwa kuelewa.

Lakini kosa kubwa ni yale yasiyoandikwa. Tangazo halikusema kwamba unga wataka maji yaliyochemka na chupa safi kila mara, usiku na mchana, na kuni za kazi hiyo. Halikusema kwamba kopo huisha upesi, na mama asiye na fedha ya kopo la pili huzidisha maji ili unga udumu. Mtoto akashiba maji, akakonda. Maji yakiwa machafu, hushikwa na kuhara. Wala halikusema kwamba mtoto asiponyonya, maziwa ya mama hupungua, hata yakakauka. Hapo kopo likiisha, kurudi nyuma ni shida kubwa.

Habari hii si ngeni. Mwaka 1939, huko Singapore, daktari mmoja mwanamke aitwaye Cicely Williams, aliyekuwa amewatibu watoto katika nchi ambayo sasa ni Ghana, alitoa hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji". Alisema kwamba vifo vya watoto vinavyoletwa na mafundisho ya kupotosha juu ya kulisha watoto vihesabiwe kuwa ni mauaji. Mwaka 1974 Mike Muller akatoa kijitabu Uingereza juu ya biashara hiyo katika nchi maskini. Alieleza, pamoja na mengine, jinsi kampuni zilivyotuma wanawake waliovaa nguo kama za wauguzi. Mama akadhani anapewa shauri la hospitali, kumbe anauziwa bidhaa.

Kijitabu hicho kilipofasiriwa Uswisi, wafasiri walibadili jina lake, wakaandika kwamba Nestlé yaua watoto. Kampuni ikawashtaki. Mwaka 1976 mahakama ya Bern ikawatoza faini ya faranga 300 kila mmoja, kwa kuwa jina lile lilipita ushahidi wao. Lakini hakimu akaiambia kampuni nayo ifikiri upya namna yake ya kutangaza. Twaiona hukumu hii kuwa na funzo kwetu sote: amkosoaye mwuzaji kwa kutia chumvi, naye asitie chumvi.

Mei 1981, katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani huko Geneva, nchi 118 zilikubali kanuni za kuongoza biashara hii. Marekani peke yake ilipiga kura ya kukataa. Kanuni hizo zakataza kuwatangazia watu maziwa ya kutumiwa badala ya maziwa ya mama, na kuwagawia akina mama makopo ya bure ya kuonja. Zakataza picha za watoto juu ya makopo ya maziwa ya wachanga, na zataka kopo lenyewe liseme kwamba kunyonyesha ni bora. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, ikazitengeneza upya mwaka 2013. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012.

Kijana yule alisikiliza yote, kisha akauliza, "Sasa, Mwalimu, kama sheria ipo, hili limefikaje kwangu?"

Swali lake ni zito. Tangazo la ukutani lina mahali pake, na mkaguzi akipita huliona. Tangazo la simu lamfikia mtu mmoja chumbani mwake, na pengine limetoka nchi ya mbali. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa taarifa baada ya kuwauliza wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi 8. Zaidi ya nusu walikuwa wamefikiwa na matangazo ya maziwa hayo. Sheria isiyo na masikio kijijini haiwezi kuyasikia. Kwa hiyo twaona yafaa mambo mawili. Kwanza, mwenye kutangaza ndiye athibitishe maneno yake kabla hayajatoka, mnunuzi asiachiwe mzigo wa kuyavumbua akiwa amekwisha kupata hasara. Pili, mtu wa kijijini awe na mahali karibu pa kupeleka malalamiko, zahanati au ofisi ya kijiji, nayo yafikishwe kwa wenye mamlaka bila yeye kugharimia safari ya mjini.

Hatusemi kwamba unga wa maziwa ni sumu. Yuko mtoto aliyefiwa na mama, na yuko ambaye daktari ameamuru apewe. Kwao kopo ni uzima. Kanuni hazikukataza kuuza, zimekataza kushawishi.

Kijana tulimshauri ampeleke mwanawe kliniki pamoja na mama yake. Mtoto akapimwa uzito, akaonekana anakua vema. Ni mwembamba kama baba yake, basi. Magunia yote mawili yamo ghalani.

Nanyi, wasomaji wapenzi, likiwafikia tangazo, msiulize tu limesema nini. Ulizeni pia limenyamaza nini.