Kuusaka Weupe wa Lavenda

Ukihitaji lavenda nyeupe kwa haraka, nunua mche uliooteshwa kwa kipande cha tawi. Ndivyo inavyoenezwa 'Nana Alba', aina fupi isiyofika goti: kila mche ni nakala ya mama yake, na rangi ya ua inajulikana kabla halijachanua. Anayesia mbegu anaingia kwenye kazi nyingine kabisa, ndefu, ya kuchagua na kuchagua tena. Kazi hiyo naistahi kuliko bustani nyingi zilizonunuliwa zikiwa tayari zimechanua.

Nimeitazama ikifanywa kusini mwa Uingereza na jirani yangu, bibi mstaafu mwenye bustani ya hatua chache nyuma ya nyumba. Huanza Januari, udongo wa nje ukiwa haushikiki kwa baridi. Mbegu anazichanganya na mchanga wenye unyevu kidogo, anazitia kwenye mfuko wa plastiki, anaandika tarehe na kuuweka kwenye friji, rafu ya chini, karibu na karoti. Zitakaa humo wiki tatu hadi sita. Lavenda hii inaitwa ya Kiingereza, lakini kwao hasa ni milima ya kusini mwa Ulaya, upande wa Mediterania, ambako mbegu hudondoka mwishoni mwa kiangazi na kulala kwenye baridi mpaka majira ya kuchipua. Isiyopitia baridi huenda ikaota, ila kwa kusuasua: moja leo, mbili wiki ijayo, nyingine zisionekane kabisa.

Mbegu yenyewe ni ndogo, nyeusi, inang'aa kama kiroboto. Bibi haisii kwa vidole. Analowesha ncha ya kijiti cha meno, anaigusa mbegu, inanata, anaishusha juu ya mboji iliyochekechwa na kuchanganywa na changarawe laini. Kisha inayofuata, upana wa kidole kutoka kwa mwenzake. Haifukii, maana mbegu ya lavenda huota vizuri ikipata mwanga, na anayeizika kwa huruma huishia kuilaumu pakiti. Anatandaza vermikulaiti kidogo tu, ya kuzuia ukavu bila kuziba mwanga. Baadaye anaiweka trei kwenye beseni la maji, na maji yanapanda taratibu kutoka chini hadi uso wa mboji ugeuke mweusi. Akiona hivyo anaitoa. Maji ya kumwagia juu yangezisomba mbegu zote kwenye kona moja.

Kuota huchukua wiki mbili, pengine mwezi, kwenye joto la nyuzi 18 hadi 21. Kinachoogopwa hapo ni kinyausi. Miche inalala ikiwa imesimama, asubuhi imeanguka, shingo imenyauka pale inapogusana na udongo. Haiponi. Ndiyo maana kifuniko kinaondolewa mara tu vijani vya kwanza vinapofunguka, dirisha linaachwa wazi kidogo, na mboji inaachwa ikauke juu kabla ya kupewa maji tena.

Siku ya kuihamishia kwenye vikopo, tazama mkono wake. Anaushika mche kwa jani, kamwe si kwa shina. Jani likichanika, mche utaota jingine, lakini shina likiminywa hakuna lingine. Mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani, anaikata ncha kwa kucha ili utoe matawi ya pembeni. Mwenye haraka huona ni ukatili, kwa sababu ua linacheleweshwa. Lakini mche ambao haukukatwa ncha hurefuka kama umetoroka kivulini, na kichaka kizuri hautakuwa.

Hauhamii ardhini mpaka Mei imefika katikati na sakitu imepita. Hata hivyo, lavenda iliyokomaa haiogopi sana baridi. Kinachoiua wakati wa baridi ni maji yaliyotuama miguuni. Udongo wenye chokaa na kokoto, mteremko, jua tangu asubuhi hadi jioni: vitu hivyo huvipenda kuliko mbolea, ambayo ikizidi hutoa majani laini na maua machache. (Msomaji wa Mombasa au Tanga ana kazi ngumu, kwa kuwa joto lenye unyevu huiozesha. Wa Limuru au Lushoto ana nafasi bora zaidi, mradi ainue tuta lake lisishike maji ya masika.)

Sasa ndiyo kazi inaanza hasa.

Ua jeupe ni ua lililokosa rangi. Mmea umeshindwa kutengeneza ile zambarau ya kawaida, na upungufu huo ndio tunaoupenda. Tatizo ni nyuki. Lavenda huachia chavua kabla sehemu ya kike ya ua lilelile haijawa tayari kuipokea, kwa hiyo mbegu nyingi hutokana na ua jingine, mara nyingi la mmea mwingine. Mmea mweupe ukiwa na jirani wa zambarau, watoto wake wanaweza kurudi kwenye zambarau, au wakatoka na ubuluu hafifu usio huku wala kule. Kampuni za mbegu zimelifanyia kazi jambo hili, na kundi la 'Ellagance Snow' hutoa maua meupe mwaka uleule wa kusiwa. Kwa mbegu za kuvuna nyumbani, aghalabu utangoja mwaka wa pili ndipo ujue ulichonacho.

Kwa hiyo miche yake inakaa kwenye vyungu mpaka ichanue. Vikianza vishada, bibi anachuchumaa asubuhi na kutazama vikombe vya maua kabla petali hazijatoka. Kwenye mmea wa zambarau, kikombe huwa kimeshaiva rangi. Kwenye mweupe hubaki kijani cha kijivu, na hapo kuna matumaini. Ua likifunguka analitazama tena, siku ya mawingu akiweza, kwa sababu jua kali huufanya ubuluu hafifu uonekane mweupe. Uliofaulu anaufunga uzi wa sufu. Ulioshindwa unatolewa siku hiyohiyo, chungu na vyote, ukakae mbele ya nyumba. Anajua nyuki hawaheshimu ukuta wala paa. Anachoweza ni kuupunguza mchanganyiko mwaka hadi mwaka, na kila kizazi kinatoa miche myeupe mingi kidogo kuliko kilichotangulia.

Kwa kuukosa urujuani, ua hili halijapoteza harufu. Tezi nyingi za mafuta ya lavenda ziko kwenye kikombe, katikati ya michirizi yake, wala si kwenye petali. Sugua kishada cheupe kati ya vidole ufumbe macho, hutajua ni cha rangi gani. Weupe wake umependwa muda mrefu: mwaka 1649, Bunge la Uingereza lilipokagua mali ya Wimbledon iliyokuwa ya Malkia Henrietta Maria, lavenda nyeupe iliandikwa miongoni mwa mimea ya kingo za bustani yake.

Mwezi wa Agosti, maua yakishapita, bibi hukata kila mmea hadi sehemu yenye majani, wala hashuki kwenye mti mkavu ambao kwa kawaida hauchipui tena. Ila yenye uzi huiachia vishada vichache vigeuke kahawia. Huvipigapiga ndani ya mfuko wa karatasi, kisha hupeta makapi kwa pumzi, polepole, mbegu zisiruke nayo.

Miche yenye ubuluu huwagawia majirani bila malipo, akisema wazi kwamba si myeupe. Mingi ya mtaa wetu imetoka kwake, na ni mizuri. Mbegu za mimea yenye uzi, hata ukimwomba vipi, hampi mtu kabla hajasia baadhi yake mwenyewe na kuyaona maua.