Kuijua Seva Ikiwa Nzima

Ijumaa ya mwisho ya Julai ni siku ya kuwashukuru wasimamizi wa mifumo ya kompyuta. Ilianzishwa mwaka 2000 na Ted Kekatos, naye akiwa msimamizi wa mifumo huko Chicago, baada ya kuona tangazo la Hewlett-Packard ambamo wafanyakazi wanampelekea maua mtu aliyewafungia printa mpya. Wilayani Makete, mkoani Njombe, siku hiyo huangukia kwenye baridi yenyewe. Asubuhi umande huwa umeganda juu ya nyasi, na anayefungua chumba cha seva hukuta ndicho chumba chenye joto kuliko vyote katika jengo. Mtu wa IT anayeingia humo kabla ya wenzake kufika kazini ana ufundi unaostahili kusifiwa kwa sauti, na kuzungumzwa kwa undani wake.

Ikonda ipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika milima ya Makete, na inajulikana mbali kwa sababu ya Hospitali ya Konsolata, ambako wagonjwa hufika kutoka Iringa, Mbeya, Songea na hata Dar es Salaam. Vifaa vya kompyuta navyo vina safari yao. Diski mpya inayonunuliwa Kariakoo hupakiwa kwenye basi, ikashushwa Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia na reli ya TAZARA ikiwa jirani. Hapo hubadilishiwa gari hadi Njombe, kisha ikapanda milima. Iwe hospitali, sekondari, halmashauri au SACCOS, anayetunza seva huku hana duka la kukimbilia akiwa na pesa mkononi. Analazimika kuona mambo mapema, na kuona mapema ndiko hasa kunakomtofautisha fundi na mtu anayejua kubonyeza vitufe.

Huko kuona mapema hakuna muujiza ndani yake. Msimamizi hodari anaijua seva yake ikiwa nzima. Anajua inachukua muda gani kuwaka, feni zake zinalia vipi, diski hujaa kiasi gani kwa wiki, watu wengi huingia kwenye mfumo saa ngapi. Siku seva inapobadilika kidogo tu, yeye anasikia, wakati wengine wote bado wanaendelea na kazi zao.

Mfano mkubwa wa miaka hii ni wa Machi 2024. Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kazi zake kwenye kompyuta yenye Debian, aina mojawapo ya Linux, alipoona kwamba kuingia kwa njia ya SSH, yaani kuifikia kompyuta ukiwa mbali, kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Ni rahisi kulipuuza jambo kama hilo ukasema mtandao leo ni mzito. Freund hakulipuuza. Alifuatilia hatua kwa hatua hadi akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayobebwa na karibu kila Linux, akakuta ndani yake mlango wa siri uliopandikizwa kwa makusudi. Aliyeupandikiza alijiita Jia Tan, na alikuwa amejijengea uaminifu kwa zaidi ya miaka 2 kabla ya kufanya alichokusudia. Tarehe 29 Machi, siku ya Ijumaa Kuu, Freund aliutangazia ulimwengu, kabla matoleo yale hayajasambaa kwenye seva za kazi. Seva zisizohesabika, za Dodoma kama za London, ziliokolewa na mtu aliyejua muda wa kawaida ni upi.

Uwezo huo unaweza kujengwa hata Makete, na kwa daftari la kawaida. Kila Jumatatu msimamizi aandike nafasi iliyobaki kwenye diski, hali ya diski za RAID zinazofanya kazi kwa kushirikiana, dakika ambazo betri za UPS, kifaa cha umeme wa akiba, zilihimili, na ukubwa wa bakapu ya jana. Bakapu ambayo wiki yote imekuwa na gigabaiti 4, leo ikiwa na kilobaiti 12, inasema jambo, ingawa programu yenyewe imeandika kwamba kazi imekamilika. Vivyo hivyo diski. Hifadhidata ikikosa nafasi ya kuandika husimama, na mara nyingi kilichojaza diski si taarifa za wagonjwa wala za wanachama bali ni logi ambazo hakuna aliyeweka utaratibu wa kuzifuta. Amri ya df -h inaonyesha nafasi, nayo df -i inaonyesha kama mafaili madogo madogo yamemaliza idadi inayoruhusiwa. Hii ya pili wengi huisahau, wakashangaa seva inalalamika imejaa huku nusu ya diski ni tupu.

Kisha kuna mambo ambayo vitabu vya ughaibuni huyapitia haraka lakini milima huyafanya kuwa makubwa.

Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. ASHRAE, jumuiya ya wahandisi wa Marekani ambayo viwango vyake hufuatwa na watengenezaji wa seva, inapendekeza chumba kiwe kati ya nyuzi 18 na 27. Kwa kundi la seva za kawaida zinazoruhusiwa kufika nyuzi 35, kikomo hicho hushushwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 zinazozidi mita 900. Kwa mahali penye kimo cha Ikonda hesabu inaleta karibu nyuzi 31. Kwa hiyo chumba kilichofungwa madirisha kwa kuogopa baridi, chenye seva mbili na UPS zake, kinaweza kuunguza vifaa katika wilaya ambayo watu wanaota moto. Feni ya kutoa hewa na tundu la kuingizia, lenye wavu wa kuzuia vumbi, vinatosha. Kiyoyozi cha gharama hakihitajiki. Na kifaa kilichosafiri usiku kwenye buti ya basi kisiwashwe mara tu kinapofika. Kikiingia kutoka baridini kwenye chumba chenye joto, unyevunyevu hukaa juu ya mabamba yake. Kiachwe saa kadhaa ndani ya boksi lake.

Umeme una historia yake hapa. Kabla gridi haijafika mbali, misheni na vijiji vya ukanda huu vilijenga mitambo midogo ya umeme wa maji. Uwemba, Ikonda, Lugarawa na Matembwe zote zimo katika orodha hiyo. Njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ilikamilika mwaka 2018. Hata hivyo jenereta bado zipo nyuma ya taasisi nyingi, na hapo ndipo penye fumbo lililowasumbua wengi: jenereta inanguruma, taa zinawaka, lakini UPS inaendelea kula betri mpaka seva inazimika. Jenereta ndogo au mtambo mdogo wa maji haushiki hezi 50 sawasawa mzigo unapobadilika, na UPS iliyowekwa kuwa kali huukataa umeme huo. Suluhisho mara nyingi limo ndani ya mipangilio ya UPS yenyewe: ipunguziwe ukali wa kupima masafa na volti. Kwa upande wa betri, baridi ni rafiki. Betri za asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, kwa hiyo seti inayochakaa mapema Dar es Salaam inaweza kudumu zaidi Njombe, japo usiku wa Julai itatoa dakika pungufu kidogo. Na radi, kuanzia mvua za Novemba, hupenda nyaya za shaba zinazovuka kutoka jengo moja hadi jingine. Nyaya za fiber hazipitishi radi, na kwa majengo yaliyotengana fedha yake hurudi msimu wa kwanza swichi zinapobaki nzima.

Lakini kitu kinachoonyesha ufundi huu kwa udogo wake kuliko vyote ni saa. Ndani ya seva kuna kibetri cha duara, CR2032, kidogo kama kitufe cha koti. Kikifa, hakuna anayejua, maana seva ikiwa na umeme inaendelea kuhesabu muda vizuri. Umeme unakatika usiku, UPS inaisha, asubuhi seva inawaka ikiamini kwamba ni Januari ya miaka mingi iliyopita. Kivinjari cha kompyuta inayofuata saa hiyo kinakataa kufungua mfumo kwa sababu cheti cha usalama bado hakijaanza kutumika. Dawa aliyopewa mgonjwa leo inaandikwa kwa tarehe ya zamani, na malipo ya leo yanaangukia kwenye mwaka uliokwisha kufungwa. Mtu asiye na uzoefu anaanza kuisakinisha upya programu nzima. Fundi anaandika amri ya date, anaangalia, anabadilisha kibetri cha bei ndogo, kisha anaweka programu ya chrony ili seva ichukue muda sahihi kutoka mtandaoni, na kompyuta zote za ndani zichukue muda kutoka kwenye seva hiyo hata siku ambayo intaneti haipo.

Siku za kukosa intaneti zipo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania na jirani zake zikabaki na mtandao wa kukwamakwama kwa siku kadhaa. Taasisi iliyoweka mfumo wake kwenye seva ya ndani iliendelea kuandikisha watu, huku iliyohamishia kila kitu ng'ambo ikirudi kwenye karatasi. Katika mjadala wa seva ya ndani na ya mbali, kwa hospitali ya mlimani jibu lipo upande wa ndani, na nakala ya kila usiku ipelekwe mbali.

Kazi hiyo ya kupeleka data mbali kwa njia nyembamba ina ukoo mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti tuijuayo, madaktari wa Muhimbili walipata barua pepe kupitia HealthNet ya shirika la SatelLife, lililoanzishwa na Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani. Barua zilisubiri kwenye kompyuta mpaka setelaiti ipite juu, zikarushwa kwa dakika chache, kisha madaktari wakasubiri mzunguko mwingine. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wakiwa Australia, walitoa rsync, programu inayolinganisha mafaili ya pande mbili na kutuma sehemu zilizobadilika tu. Leo, saa 8 usiku, rsync hiyo hiyo inaweza kupandisha mabadiliko ya siku nzima ya hospitali kwenye laini nyembamba ya simu na kumaliza kabla jogoo hajawika.

Kutuma nakala, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi misimbo ya programu, akiwa amechoka usiku, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyokusudiwa. Walipozigeukia bakapu, wakakuta njia walizozitegemea hazifanyi kazi. Moja ilikuwa ikishindwa kimya kimya kwa sababu matoleo ya programu hayakulingana, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi yule yule aliichukua saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kilichowapa heshima ni kwamba hawakuficha: walieleza kila hatua hadharani, na urejeshaji wenyewe wakauonyesha moja kwa moja kwenye YouTube. Tangu hapo msimamizi makini haulizi kama bakapu ipo. Anauliza ni lini mara ya mwisho ilirejeshwa kwenye mashine nyingine, ikafunguka, na jina la mgonjwa wa jana likaonekana.

Jina hilo nalo lina sheria yake sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kwa vitendo maana yake ni kila muuguzi awe na nywila yake, karatasi ya nywila iliyobandikwa kwenye skrini ibanduliwe, na akaunti ya aliyehamishwa kituo ifungwe siku anayokabidhi funguo. Hapa msimamizi huhitaji ulimi kuliko kompyuta, maana anazungumza na mganga mkuu, na dada wa mapokezi, na mhasibu, kila mmoja kwa lugha yake.

Mtu hawezi kujifunza ufundi huu akiwa peke yake. AfNOG, jumuiya ya waendesha mitandao wa Afrika, ilipoanza warsha zake Cape Town mwaka 2000, ilichagua kufundisha kwa mikono: washiriki huketi mbele ya mashine, husakinisha, huharibu, hurekebisha, na baadhi yao hurudi miaka ya baadaye wakiwa walimu. Mkutano wake wa 2011 ulifanyika Dar es Salaam. Iringa nako, Chuo Kikuu cha Tumaini kilianzisha mwaka 2007 shahada ya IT iliyojengwa juu ya mazingira ya hapa: umeme unaokatika, vifaa vichache, mteja aliye kijijini.

Wasimamizi wa Njombe, Makambako, Ludewa na Makete wanaweza kukutana kwa mtindo huo huo, Jumamosi moja kila robo mwaka. Kila mmoja aje na diski yenye bakapu ya majaribio isiyo na taarifa za mtu yeyote, airejeshe mbele ya wenzake kwenye kompyuta ambayo si yake, na muda uandikwe. Orodha ya mashine zilizopitwa na wakati ipitiwe, maana CentOS 7 iliachwa bila marekebisho ya usalama tangu 30 Juni 2024, na Windows 10 ikafuata 14 Oktoba 2025. Vipuri vya akiba viandikwe viko kwa nani: nani ana diski, nani ana swichi, nani ana pakiti ya CR2032. Na kijana aliyemaliza diploma mwaka huu ndiye apewe kibodi kwanza.