Lydia Anapotoroka: Fundo Linalowapima Wanaomsimulia Upya Austen

Kila anayeichukua Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka mwaka 1813, na kuihamishia zama zetu, huanza na yale mepesi. Dansi ya Meryton inakuwa arusi au karamu ya Mwaka Mpya. Darcy, tajiri anayempenda Elizabeth Bennet, anapewa kazi: wakili, daktari wa upasuaji wa ubongo, mrithi wa mahoteli. Hayo hayamtoi mtunzi jasho. Jasho linamtoka akifika theluthi ya mwisho ya riwaya, pale Lydia, kitindamimba wa akina Bennet, anapotoroka Brighton na Wickham, ofisa wa jeshi. Nikipata toleo jipya la hadithi hii, hapo ndipo ninapokwenda kwanza, maana hapo hujulikana kama mtunzi ameelewa jinsi Austen alivyoijenga kazi yake, au amechukua majina tu.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Elizabeth yuko Lambton, katika nyumba ya wageni. Barua mbili za dada yake Jane zinamfikia kwa mpigo, kwa kuwa ya kwanza ilipotea njia. Jane aliandika anwani vibaya. Ya kwanza inasema Lydia, mwenye miaka 16 tu, ametoroshwa kwenda Scotland kuolewa. Ya pili inasema ndoa hakuna, na wawili hao inaelekea wamejificha London. Elizabeth anainuka mbio amtafute mjomba wake, mlango unafunguka, na anayeingia ni Darcy. Kosa dogo la anwani ndilo lililozikutanisha barua na mgeni katika saa moja, nasi tunaliamini kwa sababu mwandishi wa barua alikuwa na mtima uliopondeka.

Kutoroka huko kunafanya kazi nne kwa wakati mmoja. Kwanza, kunaua tumaini la Elizabeth siku zile zile alizoanza kumpenda Darcy. Pili, kunampa Darcy la kutenda baada ya maneno yake ya posa ya kwanza kumharibia: anawasaka watoro, analipa madeni ya Wickham yaliyozidi pauni 1,000, anaongeza pauni 1,000 nyingine kwa ajili ya Lydia, ananunua cheo cha jeshini, na anataka asitajwe. Tatu, kunamkamata kwa hatia yake mwenyewe. Wickham aliwahi kumrubuni dada yake Darcy, Georgiana, akiwa na miaka 15, akiuwinda urithi wake wa pauni 30,000, na Darcy akalifunika jambo hilo kulinda jina la nyumba. Angesema, Lydia angenusurika. Nne, kunamtoza bei: akimwoa Elizabeth, Wickham atakuwa shemeji yake.

Na kwa nini kosa la msichana mmoja liwaangushe wasichana watano? Kwa sababu ya hesabu za nyumbani. Baba yao anapata pauni 2,000 kwa mwaka, lakini shamba la Longbourn limefungwa kwa warithi wa kiume na litakwenda kwa jamaa yao Collins. Mabinti hawana mtaji mwingine ila kuolewa vizuri. Aliyesoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed hahitaji kuelezwa jinsi binti mmoja akitoka nje ya mlango nyumba nzima inavyotikisika. Lakini msomaji wa London au California wa leo anahitaji. Kwake, binti wa miaka 20 kuishi na mwanamume bila ndoa si habari. Mtunzi lazima atafute balaa jingine litakaloipiga familia yote, liwezekane kumalizwa kimya kimya, na limguse Darcy mwenyewe.

Helen Fielding, katika Bridget Jones's Diary ya 1996, alipata jibu la kushangaza: anayetoroka ni mama. Pam, mama yake Bridget, anamfuata Mreno mmoja tapeli aitwaye Julio, na pesa za marafiki wa familia zinapotea. Mark Darcy ndiye anayemfuatilia Julio na kurudisha mambo. Fielding aliona kwamba katika Uingereza ya miaka ile ujana wa binti haukuwa na aibu tena, ila akiba ya wazee ilikuwa nayo. Filamu ya 2001 ilimwacha mama aende na mtangazaji wa biashara za televisheni, lakini ikauondoa wizi. Mara moja Darcy akakosa la kutenda kwa siri. Ikabidi apewe ngumi za barabarani na msaada wa mahojiano mbele ya kamera, mambo yanayoonekana na kila mtu. Filamu inapendeza, lakini mapenzi ya Bridget hayamjii tena kwa kugundua tendo alilolifanya Darcy kwa siri, na hilo ni pengo kubwa.

Bride and Prejudice ya Gurinder Chadha, ya 2004, ilikwenda kwa kasi. Lakhi, Lydia wa filamu hii, anatoweka na Wickham mjini London, Darcy na Lalita, Elizabeth wake, wanawafuata pamoja, na ugomvi unaishia ndani ya ukumbi wa sinema kabla aibu haijafika Amritsar. Lalita anashuhudia kila kitu. Kwa filamu ya nyimbo na ngoma sioni ubaya.

Curtis Sittenfeld, katika Eligible ya 2016, iliyowekwa Cincinnati, alimgawa Wickham mara mbili. Ulaghai alimpa Jasper Wick, na wa kutoroka na Lydia akawa Ham, mwenye ukumbi wa mazoezi, mwanamume aliyezaliwa na mwili wa kike. Hivyo balaa si tena alichofanya Lydia. Ni chuki ya wazazi wake. Ni uamuzi wa kijasiri, lakini umeigharimu hadithi. Ham ni mtu mwema, Lydia hayuko hatarini, na kazi ya Darcy inabaki kumtuliza mama mtu kwa maelezo ya kidaktari.

Waliolipatia fundo hili kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Hank Green na Bernie Su katika The Lizzie Bennet Diaries, vipindi 100 vifupi vilivyotoka YouTube kati ya Aprili 2012 na Machi 2013. Lizzie anasimulia maisha yake mbele ya kamera. Lydia naye ana chaneli yake, na humo Wickham anaingia polepole, anamsifu, anamtenga na ndugu zake. Watazamaji waliliona jambo hilo, lakini Lizzie hakuliona, kwa kuwa walikuwa wamekosana na hakuwa akitazama video za mdogo wake. Kisha tovuti inatangaza kwamba video ya faragha ya Lydia itauzwa, na siku zinahesabiwa. Darcy anaizuia isitoke, bila kujitangaza.

Hapo karibu kila kazi ya Austen imepata mbadala wake, na limeongezwa ambalo Austen hakuliandika: Elizabeth naye ana hatia ya kumdhihaki Lydia hadharani. Miezi mizima alimchekesha mtazamaji kwa kumsimulia Lydia kama msichana mpuuzi. Toleo hili halimwozi Lydia kwa mkosaji wake. Anabaki nyumbani, anavunjika, na vipindi kadhaa vinatumika kumwonyesha akipona mbele ya dada aliyeanza kumsikiliza. Katika riwaya, Lydia anarudi akichekelea pete yake na Austen anamwacha hivyo hivyo. Mimi nimemhurumia mtoto yule miaka yote, na hapa nilipata walioniunga mkono.

Soniah Kamal alikuwa na tatizo la kinyume. Unmarriageable yake ya 2019 iko Pakistan, mahali ambapo fedheha ya binti bado inawafungia dada zake milango ya posa, kwa hiyo hakulazimika kubuni balaa jipya. Hatari yake ilikuwa kunakili. Njia aliyoichukua ni kumfanya Alys Binat mwalimu wa Kiingereza anayewafundisha wasichana riwaya hiyo hiyo ya Austen. Alys anaifahamu hadithi ukurasa kwa ukurasa, na bado Wickaam anaingia nyumbani kwao na kumchukua mdogo wake.