Xender inafikisha, lakini haihakikishe

Wandugu, hapa Tunda Xender ndiyo maktaba yetu. TFC, muziki, filme, hata aplikasio, vyote vinatoka telefone kwa telefone bila kula mega hata moja. Kama ni kufika tu, sina la kukosoa. Intaneti ilipokatwa Kongo nzima tarehe 31/12/2018, siku moja kisha uchaguzi, karibu siku 20, njia hii haikukatwa, sababu haipitie kwa kampuni yoyote.

Ile ninakosoa ni kitu kingine. Batu wanasema: "Ni salama, nimeipata kwa rafiki." Na rafiki aliipata wapi? Mimi nilisoma agronomia: mozaiki ya muhogo inasafiri vile vile, ndani ya miti ya kupanda tunayopeana na majirani. Anayekupa hana roho mbaya, na mti kwa macho ni mzuri.

BitTorrent, ambayo Bram Cohen alitoa 2001, inachukua faili kwa watu usiowajua kabisa. Lakini inaikata vipande, na kila kipande inakilinganisha na alama yake ya hesabu. Kikibadilishwa njiani, inakitupa na kuomba kingine. (Kama faili ilikuwa chafu toka mwanzo, hiyo haitakuambia.)

Sisi tuko na ulinzi wa Android yenyewe: kila aplikasio ina sahihi ya mwenye kuitengeneza. Ukileta WhatsApp ya kuchezewa juu ya ile ya kweli, sahihi hazifanane, telefone inakataa. Na sisi tunafanya nini? Tunafuta ya kweli ili ya uongo iingie! Hapo usilaumu rezo.

Chombo chenyewe pia si malaika. Februari 2021, Trend Micro ilitangaza udhaifu ndani ya SHAREit ya Android, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 1: aplikasio mbaya iliyo ndani ya telefone ingeweza kuiba data kupitia kwayo. Walikuwa wamengojea jibu la kampuni miezi 3. Dawa ni kuweka toleo jipya, lakini huku hata Xender yenyewe tunaipata kwa Xender.

TFC na muziki, nitaendelea kupokea. Lakini WhatsApp na aplikasio za pesa, ninangojea siku nitafika Kindu kwenye rezo nzuri, nilipe mega zangu, nizitoe Play Store.