Mashine Ipo, Mtu Hayupo

Sisi tusioona tulikisikiliza kitabu cha Haben Girma (2019), mwanasheria kiziwi asiyeona, binti wa mkimbizi kutoka Eritrea, njiani kutoka Riyadh hadi Jeddah. Jalada linamsifu kwa kuishinda Harvard. Majigambo ya wachapishaji hayo. Kurasa zenye uzito ni za bwalo la chuo chake cha kwanza, Lewis & Clark. Kompyuta yake ya nukta nundu iliweza kumsomea orodha ya vyakula, ila jikoni walikuwa wakisahau kuituma, mpaka alipotaja sheria. Hapo amepatia. Wahandisi tunasifu mitambo, kumbe aliyekwama ni mtu.

Kazini kwetu Riyadh ripoti bado zinatujia kama picha, mashine inanyamaza. Tunaomba maandishi tangu mwaka juzi. Tunajibiwa inshallah, na mwenzetu wa Mombasa anatusomea saa yake ya chakula.